Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Karantini ni Kufukuza Wageni?



Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa Kipatimu msemo huo tunauishi. Basi kutoka Mbagala likishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, likaacha barabara kuu Njia Nne na kupanda vilima vya Umatumbi, watoto hukimbia kupokea mizigo. Mkeka hutandikwa, chakula huwekwa sinia moja, na mgeni hulala chumba kimoja na wenyeji. Lakini wakati wa ugonjwa wa mlipuko msemo huo hugeuka kuwa swali: ikiwa mgeni amekuja na maradhi asiyoyajua, mwenyeji atapona?

Maoni yetu ni kwamba sheria ya kumpima msafiri na kumweka karantini ni sheria njema, na Mkristo anapaswa kuitii. Lakini sheria hiyo ikimwachia msafiri mzigo wote, itamfundisha kudanganya.

KUPIMA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Alikuwa Mtanzania aliyerudi kutoka Ubelgiji siku moja kabla. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro alikaguliwa, hakuonekana na homa, akapita. Baadaye akiwa hotelini Arusha alijisikia vibaya, akaenda hospitali ya Mount Meru, akachukuliwa vipimo. Kipimajoto hakikumtambua. Aliyewaokoa wengine ni yeye mwenyewe, kwa kujitokeza.

Sababu yake ni hii. Kila ugonjwa una siku zake za kukaa kimya mwilini kabla ya dalili kuonekana. Kipindupindu ni saa chache hadi siku 5. Korona ni hadi siku 14. Ebola na Marburg ni hadi siku 21. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa leo akaonekana hana kitu, kwa kuwa vijidudu bado ni vichache mno. Ndiyo maana kipimo na siku za kungoja huenda pamoja.

Tutofautishe pia mambo mawili. Mgonjwa hutengwa ili atibiwe. Karantini ni ya mtu mzima wa afya aliyekuwa karibu na ugonjwa, naye hungoja mpaka siku zipite. Aliye karantini si mkosaji wala si maiti anayetembea.

NENO LENYEWE LINATUHUSU

Karantini ni neno la Kiitalia lenye maana ya siku arobaini, muda ambao mabaharia walingojeshwa Venice zamani za tauni. Kwaresima nayo imetokana na neno la Kilatini la hesabu hiyo hiyo. Kila mwaka tunafunga siku arobaini kwa ajili ya roho zetu. Je, tushindwe siku 14 kwa ajili ya uhai wa bibi anayetupikia? Ndugu zetu Waislamu, majirani zetu wa Kilwa tangu kale, wanafundishwa pia kutoingia penye tauni na kutotoka humo wakiwemo.

Wapo wanaosema, "Sisi tuna Mungu, hatuna haja ya vipimo." Wakumbuke kwamba Bwana wetu, alipojaribiwa baada ya siku zake arobaini jangwani, alikataa kujirusha kutoka juu ya hekalu ili kumjaribu Mungu.

NANI ALIPE?

Mwezi huo huo wa Machi 2020 serikali iliagiza wasafiri kutoka nchi zenye korona wakae karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Tarehe 18 Mei 2020 sharti hilo likaondolewa. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021 wasafiri walitakiwa kuonyesha cheti cha kipimo cha PCR cha ndani ya saa 72, kisha wapimwe tena kipimo cha haraka kwa dola 25 za Marekani. Masharti hayo ya korona yamepita, lakini funzo lake libaki.

Mtalii alilipa dola 25 akaendelea na safari. Lakini kijana wetu anayerudi kutoka kibaruani na akiba ya mwezi mmoja mfukoni atafanya nini? Akijua kwamba kusema kweli kutamgharimu akiba yote, atapita njia ya panya. Akifika nyumbani atanyamaza, na ugonjwa utaingia naye kimya kimya. Hapo kosa si la kijana peke yake. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini tujiulize kwa nini alificha.

MFANO WA JIRANI: RUANGWA

Julai 2022 mkoani kwetu Lindi, wilaya ya Ruangwa, watu walishikwa na homa na kutokwa damu puani. Hofu ilienea. Sampuli zilipochunguzwa haikuonekana Ebola, wala Marburg, wala korona. Ilikuwa homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama na maji yaliyochafuliwa nao, na ambayo ni nadra mtu kumwambukiza mwenzake. Watu 20 waliugua, 3 wakafariki. Bila kipimo tungeendelea kukimbiana jirani na jirani. Kipimo kinafichua ugonjwa, na pia kinaondoa hofu ya bure.

TUFANYE NINI?

Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025. Magonjwa haya hayajatuaga. Tunapendekeza:

1. Msafiri aseme kweli ametoka wapi na lini, kwa mhudumu wa afya na kwa wenye nyumba.

2. Familia imtengee chumba, sahani na kikombe chake, wamsalimie kutoka mlangoni, madirisha yawe wazi.

3. Jumuiya ndogo ndogo zipeane zamu ya kuchota maji, kutafuta kuni na kupika kwa ajili ya kaya iliyo karantini, na kulima shamba lake msimu ukiwa umefika. Chakula kiachwe mlangoni.

4. Serikali isimtoze maskini gharama ya kuwalinda wengine. Anayengoja siku 14 anatufanyia kazi sisi sote.

Wapendwa, mgeni tumkaribishe kama kawaida. Tumpe chumba chake, sahani yake, na siku zake. Zikiisha salama, tutandike mkeka tule sinia moja. Hapo mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji amepona.