Hakimu Mwenye Daftari

Light Yagami ana mashabiki wengi. Ni mwanafunzi wa Kijapani, kichwa chepesi, mtanashati, aliyeokota daftari lililoangushwa na Ryuk, mungu wa mauti. Anayeandikwa jina humo, ikiwa mwandishi anaijua sura yake, moyo wake husimama baada ya sekunde 40. Light anaanza na wahalifu, dunia inampa jina la Kira, na watazamaji wanashangilia. Hapo ndipo katuni ya Death Note inapowatega.

Katuni hii ya sehemu 37, iliyotengenezwa na studio ya Madhouse na kuonyeshwa Japani kuanzia Oktoba 2006, haikawii kufichua ubaya wake Light. Katika sehemu ya pili, mtu anayejitambulisha kuwa mpelelezi L anatokea kwenye televisheni na kumwita Kira mwovu. Light anapandwa na hasira, anaandika jina, na yule mtu anashika kifua na kuanguka juu ya meza mbele ya kamera. Kumbe alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kifo, akatumiwa kama chambo. Lakini Light hakulijua hilo! Kwa alivyojua yeye, alimuua mtumishi wa sheria kwa kosa la kumkosoa.

Baada ya hapo breki hakuna. Wapelelezi 12 wa FBI waliotumwa Japani wanakufa wote.

Watetezi wa Kira husema uhalifu ulipungua. Ni kweli, Light mwenyewe anajigamba mwishoni kwamba umeshuka kwa zaidi ya asilimia 70 na vita vimekoma. Basi na watazame bei yake. Televisheni ya Sakura inageuka tarumbeta ya muuaji, na serikali ya Marekani inatangaza kwamba haitampinga. Huo si wema, ni woga uliotanda dunia nzima, na utawala wa namna hiyo haustahili kupigiwa makofi hata kidogo.

Anayestahili kuigwa yumo humo humo: Soichiro, baba yake Light, polisi anayemsaka Kira bila kujua kuwa ni mwanawe. Anatoa nusu ya umri wake uliobaki ili apate macho ya kuona jina la mtu kwa kumtazama tu. Anamkabili mhalifu Mello, jina analiona, daftari analo, lakini haandiki, anamtaka ajisalimishe. Kusita huko kunamgharimu maisha. Mwandishi wa hadithi amewapa watu wawili silaha ile ile, na vijana wengi wamemkariri mmoja tu.

China iliipiga marufuku katuni hii mwaka 2015. Marufuku haimfundishi kijana kupima haki. Mzazi na akae na mwanawe, waitazame pamoja, na wafikapo sehemu ya saba amwulize: Naomi Misora, aliyekuwa akimtafuta tu muuaji wa mchumba wake, alistahili kifo kwa kosa gani?