*TUSIHESABU MAWAZIRI WA KWETU, TUHESABU KAZI: MAONI YA TAWI KUHUSU BARAZA LA MAWAZIRI*



Kila Baraza la Mawaziri linapotangazwa au kufanyiwa mabadiliko, katika makundi yetu na vijiweni hapa Mpanda linaulizwa swali moja: Katavi tumepata wangapi? Akitajwa mtu wa kwetu tunapongezana. Asipotajwa, tunaambiana kwamba mkoa umesahauliwa. Uongozi wa tawi umelizungumza jambo hili na umeona utoe maoni yake, kwa sababu swali hilo linatupotezea muda ambao tungeutumia kudai mambo yetu mahali panapohusika.

*1. Baraza ni nani?*

Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 1977 inawataja wajumbe: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote. Rais ndiye mwenyekiti. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anahudhuria lakini hapigi kura. Naibu Waziri si mjumbe. Kwa hiyo ndugu yetu Geophrey Pinda wa Kavuu alipokuwa Naibu Waziri wa Katiba na Sheria, wako waliosema "tuna mtu Barazani". Tulikuwa na mtu Serikalini, tena mwenye kazi nzito, ila kiti cha Baraza hakuwa nacho.

Katika orodha hiyo ya wajumbe hakuna mahali mkoa ulipotajwa. Mkoa kwa Katiba yetu una Mkuu wa Mkoa anayeteuliwa na Rais, hauna baraza lake la mawaziri, wala haupeleki mjumbe kwenye Baraza la nchi. Waziri hakai pale kwa niaba ya Katavi, Rukwa au Kigoma. Anakaa pale kwa ajili ya wizara yake.

*2. Baraza linafanya nini?*

Katiba inasema ni chombo kikuu cha kumshauri Rais. Neno ni kushauri. Ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ushauri uliotolewa na Baraza hauchunguzwi na mahakama yoyote.

Jambo haliingii Barazani kwa sababu waziri amelikumbuka asubuhi. Wizara inaandaa waraka, Makatibu Wakuu wa wizara zote wanaupitia na kuuhoji, halafu ndipo unafika mbele ya Rais na Mawaziri. Ukishapita, wote wanaubeba. Ibara ya 53 inasema Mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja Bungeni. Waziri ambaye hakukubaliana na wenzake ndani hawezi kutoka nje akasema yeye hakuwemo.

*3. Katavi tumeshaonja*

Mkoa wetu si mgeni katika nafasi hizi. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008, baada ya Mheshimiwa Lowassa kujiuzulu kwa sakata la Richmond, hadi Novemba 2015. Mheshimiwa Isack Kamwelwe wa jimbo la Katavi alikuwa Waziri wa Maji, kisha akahamia Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano hadi 2020.

Tunawaheshimu wote wawili na hatutaki kuwapunja. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, ukitolewa Rukwa, Mheshimiwa Pinda akiwa Waziri Mkuu. Lakini tuseme kweli. Kwa karibu miaka minane ya mtu wetu katika kiti cha Waziri Mkuu, mji wa Mpanda uliendelea kuwashwa na majenereta ya mafuta. Njia ya umeme ya kV 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilijengwa baada ya yeye kuondoka. Ilitokana na mpango na bajeti ya taifa, wakati hakuna mtu wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu.

Somo tunalolipata hapo si kwamba viongozi wetu hawakufanya kazi. Ni kwamba waziri mzuri hapendelei kwao, na mkoa unaotegemea upendeleo utakaa unasubiri zamu yake irudi.

*4. Mbunge akiteuliwa, jimbo limepata au limetoa?*

Katiba inataka Mawaziri wote watoke miongoni mwa Wabunge. Tunashangilia mbunge wetu anapoapishwa, bila kuuliza jimbo limebaki na nani. Waziri haulizi maswali Bungeni. Yeye ndiye anayejibu. Hawezi kusimama kuibana Serikali juu ya reli ya Kaliua–Mpanda au juu ya maji, kwa sababu Serikali ni yeye. Atalisema faragha, na sisi hatutajua kama amelisema.

Wabunge wasio mawaziri wana nguvu ambayo mara nyingi hatuioni. Mwaka 2012, baada ya ripoti ya CAG kujadiliwa kwa ukali Bungeni, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikusanya saini za kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani. Waziri Mkuu huyo alikuwa mtu wetu. Hoja haikufika kwenye kura, lakini haukupita muda Rais Kikwete akalipanga upya Baraza na mawaziri kadhaa wakaondoka. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliokaa viti vya nyuma.

*5. Msimamo tunaoupendekeza*

Kwanza, Katiba iweke ukomo wa idadi ya mawaziri. Leo hakuna ukomo. Kila wizara inayoongezeka inaongeza waziri, naibu, katibu mkuu, ofisi na magari, na fedha hizo zinatoka mfuko uleule unaosubiriwa na zahanati zetu.

Pili, mbunge akiteuliwa waziri aache ubunge, au mawaziri wasitoke kabisa Bungeni. Hili si jipya. Tume ya Jaji Warioba, katika rasimu ya mwaka 2013, ilipendekeza mawaziri wa Muungano wasizidi 15 na wasiwe wabunge, ingawa ilikuwa ndani ya muundo wa serikali tatu. Kenya kwa Katiba ya 2010 wana mawaziri wasiopungua 14 na wasiozidi 22, si wabunge, na wanathibitishwa na Bunge la Taifa.

Wapo kati yetu wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema waziri mwenye jimbo anajua bei ya mbolea na ubovu wa barabara kwa sababu wapiga kura wanamwambia, na asiye na jimbo atawajua watu kwa kusoma ripoti. Wanaongeza kwamba Kenya nako, pamoja na utaratibu huo, Julai 2024 Rais Ruto aliliondoa karibu Baraza zima baada ya maandamano ya vijana. Ni kweli, sheria peke yake haitengenezi waziri mwadilifu. Lakini ukomo unazuia vyeo kuwa zawadi, na kutenganisha kunalirudishia jimbo msemaji wake. Hayo mawili yanatosha kutufanya tuyaunge mkono.

*6. Tufanye nini sasa?*

Wakati tunasubiri Katiba, milango iliyopo tuitumie. Bajeti ya taifa inaanza Julai 1, lakini safari yake inaanza miezi mingi kabla, kwenye mtaa na kijiji, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani na Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Jambo ambalo halikuandikwa huko chini, hata tungekuwa na mawaziri watano, litafika Dodoma kama ombi la mdomo.

Tunaomba kila kiongozi wa shina aje kwenye kikao kijacho cha tawi na mambo matatu ya eneo lake yaliyoandikwa, kila moja likitaja linahusu mtaa, halmashauri au wizara ipi. Tutayagawa: ya diwani kwa diwani, ya mbunge kwa mbunge, naye tutamwomba ayaulize Bungeni kwa maandishi ili jibu la waziri libaki kwenye kumbukumbu. Hoja ya ukomo wa mawaziri itapelekwa ngazi ya kata kama pendekezo la tawi. Mwenye maoni tofauti aje nayo kikaoni, asiyaishilize kwenye simu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini sisi tusikae tukimsubiri mgeni wakati jembe liko mkononi.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Mpanda.*
_Tafadhali wasomee na wanachama wasio na simu janja._