Buda, barabara zetu hazitaki rimu ya 17

Kila kijana wa Migori au Homa Bay akishapata Vitz RS, Swift Sport au Demio kutoka Japani, swali la kwanza ni moja: niweke rimu gani? Jibu la washikaji ni lile lile: za 17, nyeusi, na tairi jembamba lililokaza. Mimi nasema hapana. Kama gari lako linaishi huku kwetu, shuka hadi 15.

Usikasirike kabla hujapiga hesabu. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Vitz RS nyingi za kuanzia 2011 huvaa 195/50R16. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 50 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na 16 ni inchi za rimu. Kwa hivyo mpira unaokinga rimu una kimo cha karibu milimita 98. Ukivaa 205/40R17, unabaki na 82. Ukishuka hadi 185/60R15, unapata 111, na kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu vile vile. Spidomita haitakudanganya. Hakikisha tu rimu hiyo inapita kwenye breki zako.

Sasa toka Homa Bay uende Mbita, ama upitie Rangwe hadi Rongo kisha ushuke Migori. Kuna matuta, kuna mashimo, na ukiiacha lami kuelekea machimboni Nyatike utakutana na mawe. Ukiingia shimo na ubavu wa milimita 82, mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu. Rimu inapinda, ama ubavu unatoa uvimbe. Omera, uvimbe huo hauzibwi kama panchari. Nyuzi za ndani zimekatika, na tairi linaweza kupasuka ukiwa mbio, umebeba watu.

Utaniambia ubavu mfupi unashika kona vizuri. Kweli, kwenye lami laini. Lakini tazama Safari Rally pale Naivasha. Magari ya WRC yakikimbia kwenye vumbi na mawe huvaa rimu za 15 zenye ubavu mrefu. Za 18 huwekwa kwa mashindano ya lami. Unadhani wale jamaa wamekosa pesa ya rimu kubwa?

Hela utakayookoa kwenye rimu, weka kwenye tairi mpya. Ukiuziwa mtumba unaong'aa, tafuta tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Watengenezaji wengi husema tairi lisivuke miaka 10, hata kama mifereji yake bado ni mirefu. Mvua ya ziwa ikishuka jioni, mpira mkavu hauna habari na breki zako.

Kabla hujalipia rimu, hesabu boliti. Vitz, Demio na Fit zina 4 kwenye duara ya milimita 100, lakini Swift Sport ina 5 kwenye duara ya 114.3. Angalia pia tundu la katikati. La Fit ni milimita 56.1, la Vitz ni 54.1. Rimu ya Fit itaingia kwenye Vitz, lakini bila ringi ya kujaza hiyo nafasi huenda usukani ukatetemeka ukiongeza kasi, na utamlaumu fundi wa balansi bure.

Na kama mfuko unaruhusu tairi 2 tu, mpya ziende nyuma, hata kama gari linavutwa na za mbele. Mbele ikiteleza, ukiachilia mafuta polepole unaweza kuirudisha. Nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari linageuka kabla hujajua kimetokea nini. Kisha jaza presha kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa kupiga teke.

Gari la mbio si lile linalopendeza likiwa limepaki nje ya klabu. Ni lile linalofika Isebania na kurudi bila kushusha jeki. Wakikucheka kwa rimu ndogo, wape lifti.