Samahani ya Hospitali Si Fidia



Kuna jambo moja ambalo hospitali nyingi hazitakwambia. Karatasi ni yao, kompyuta ni yao, kabati ni lao. Lakini habari zilizo ndani ya lile faili ni zako. Wao wamewekewa amana tu. Amana ikivuja, mwenyewe ana haki ya kuuliza, kudai na kushtaki. Hiyo si fadhila ya mkurugenzi wa hospitali. Ni sheria ya Kenya.

Oktoba 2025 wadukuzi walijigamba mtandaoni kwamba wameiba taarifa za mamilioni ya watumiaji wa M-Tiba, ile huduma ya kulipia matibabu kwa simu. Wengi wetu tulisoma, tukatikisa kichwa, tukaendelea na video inayofuata. "Hayo ni mambo ya watu wa Nairobi." Hapo ndipo tunapojidanganya.

Huku kwenye majani chai, siri ya mgonjwa ikitoka haileti hasara ya pesa peke yake. Mfikirie mtu anayechuna majani katika shamba kubwa. Anayemlipa ni kampuni. Nyumba anayolala ni ya kampuni. Mara nyingi hata dispensari anayotibiwa ni ya kampuni. Sasa habari kwamba ana HIV, ama TB, ama ana mimba, ama mgongo umeharibika, ifike kwa supavaisa. Huyo mtu hajapoteza siri tu. Kazi iko hatarini, na kazi ikienda, nyumba inaenda nayo.

Na hatuzungumzi nadharia. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mmoja alieleza kwamba aliambukizwa HIV na supavaisa wake. Jiulize: mwanamke kama huyo ataenda kupimwa wapi, kama anaogopa matokeo yatamfikia yule yule aliyemdhulumu? Siri ya hospitali kwake si anasa. Ndiyo inayoamua kama atatibiwa ama atakaa nyumbani augue kimya.

Halafu usidhani ni lazima awepo mdukuzi wa nchi za mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kuwa ni uvujaji data inapopotea, inapoharibiwa, inapofichuliwa ama inapoonwa na asiye na ruhusa, hata kama ni kwa bahati mbaya. Rejista ikipigwa picha na kuwekwa kwenye grupu la WhatsApp, huo ni uvujaji. Karani akimsomea meneja faili lako, huo ni uvujaji. Laptopu ya wadi ikiibwa na haina hata neno la siri, huo ni uvujaji. Na sheria hii haibagui: hospitali ya kaunti, ya misheni, ya kampuni, ya kibinafsi, wote wako ndani. Habari za afya zimewekwa katika kundi la data nyeti, linalotakiwa kulindwa zaidi ya jina na namba ya simu.

Sasa sikiza wanavyojitetea. "Na sisi pia tulivamiwa." Sawa, pole. Lakini mlinzi aliyeacha lango wazi hawezi kuomba pole sawa na mwenye nyumba aliyeibiwa. Sheria inasema wazi: hospitali ikijua kuna uvujaji unaoweza kudhuru watu, ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na inapaswa kukujulisha wewe kwa maandishi bila kuchelewesha. Kwa maandishi, si kwa uvumi wa sokoni. Wakikaa kimya, kimya chenyewe ni kosa la pili.

Basi una milango gani? Iko minne, na hakuna hata mmoja unaohitaji uwe tajiri.

Mlango wa kwanza ni hospitali yenyewe. Andika barua ama baruapepe uombe kuona data yako na kuelezwa nani amepewa. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kukujibu, na hawaruhusiwi kukutoza hata shilingi. Weka nakala. Ukipeleka kwa mkono, wakugongee muhuri. Jibu lao, ama kukosa kwao kujibu, ndio ushahidi wako wa kwanza.

Mlango wa pili ni Ofisi ya Kamishna wa Data. Malalamiko ni bure. Unaweza kuyatoa kwa mdomo, kwa maandishi ama mtandaoni, na mtu mwingine anaweza kuyapeleka kwa niaba yako. Ofisi ina matawi Nakuru na Kisumu, kwa hivyo si lazima upande basi la Nairobi. Kamishna anatakiwa kumaliza ndani ya siku 90. Hesabu hizo siku wewe mwenyewe, kwa sababu Mahakama Kuu imewahi kufuta uamuzi uliotolewa baada ya muda huo kupita.

Kwani ofisi hiyo ina meno? Septemba 2023 iliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya Nairobi ikalipishwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kama picha ya mtu aliyeenda kustarehe ina bei hiyo, faili lako la hospitali lina bei gani?

Lakini tusidanganyane, meno yenyewe ni mafupi. Faini ya juu kabisa ni shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka, na inachukuliwa ile iliyo ndogo. Soma tena: iliyo ndogo. Kwa kampuni inayouza chai dunia nzima, hiyo ni pesa ya chai ya saa nne. Tena faini haiingii mfukoni mwako. Kinachoingia kwako ni fidia. Kifungu cha 65 kinakupa haki ya fidia ukiumizwa na uvunjaji wa sheria hii, na kinataja hata mateso ya moyo, si hasara ya pesa pekee. Kwa hivyo usiandike tu "nalalamika". Andika "nadai fidia", na ueleze ulivyoumia: kazi uliyoachishwa, ndoa iliyovunjika, usiku usiolala.

Mlango wa tatu ni wa wale ambao siri yao ni ya HIV. Sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua matokeo ya mtu, na imeunda baraza maalum la kusikiliza kesi hizo. Na kama kufichuliwa kumekugharimu kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya HIV ama ulemavu, na Mahakama ya Ajira iko hapa hapa Kericho.

Mlango wa nne ni Mahakama Kuu, ambayo inakaa Kericho na inakaa Bomet. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi zima, na kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi. Wakili ndiye gharama, ni kweli. Ndiyo maana kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na yako mashirika kama KELIN yanayofanya kazi hii.

Na KELIN wameshaonyesha njia. Februari 2015 Rais aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule na watu wengine wanaoishi na HIV. Walienda mahakamani. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba, na serikali ikapewa siku 45 kuyaficha majina hayo kwa namba. Hapo hata Sheria ya Data haikuwa imezaliwa. Kama amri ya Ikulu ilisimamishwa na watu waliokataa kunyamaza, hospitali ya mtaani kwenu ni nani?

Najua kinachowazuia wengi. Si woga wa wakili. Ni aibu. "Nikilalamika, si watu wote watajua?" Ni swali la haki, na lina jibu. Unaweza kulalamika kwa Kamishna bila kutaja jina, na hilo linatosha kuwafanya waanze kuuliza. Mahakamani, wakili wako anaweza kuomba utambulike kwa herufi tu. Ila fidia haiwezi kulipwa kwa mtu asiyejulikana hata na ofisi yenyewe, kwa hivyo mwisho lazima kuwe na mtu wa kusimama.

Hapo ndipo jamaa zako na majirani wanapoingia. Mtu mmoja akisimama ataonyeshwa kidole. Watu 30 waliotibiwa wadi moja wakisimama, kidole kinageuka. Sitara ni ya mgonjwa. Tumeifanya kuwa ya hospitali, tunawafunika waliotuvua nguo, halafu tunaiita subira. Subira si kukaa kimya mbele ya dhuluma.

Kwa hivyo, ukisikia data ya hospitali yenu imevuja, siku hiyo hiyo andika tarehe na ulivyojua. Hifadhi ujumbe na picha za skrini, lakini usizisambaze, maana ukisambaza siri ya mwenzako nawe umekuwa sehemu ya uvujaji. Tafuta waliotibiwa pamoja nawe. Andikeni barua moja, majina mengi. Peleka, gongesha muhuri, anza kuhesabu siku.

Wakikujibu "samahani", pokea samahani. Kisha waulize fidia iko wapi.