Hekta 8,211 za Kisarawe zilivyoandikwa upande mmoja

MSOMAJI wa kurasa za biashara jijini Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kulijua jina la Kurui, wilayani Kisarawe, kabla ya kilimo cha mibono kuingia huko. Hata kilipoingia, jina alilolisoma zaidi lilikuwa la kampuni.

Kampuni hiyo, Sun Biofuels ya Uingereza, ilipata hekta 8,211 kutoka vijiji 11 vya wilaya hiyo, Kurui kikiwamo, kwa mkataba wa miaka 99, ili ilime mibono ya kukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Ulikuwa wakati wa homa ya nishati. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 140 za Marekani katika soko la dunia.

Habari za uwekezaji wa aina hiyo huandikwa kwa mtindo mmoja. Hutangulia kiasi cha fedha, hufuata ukubwa wa eneo, kisha ajira zinazotarajiwa. Msemaji ni mkurugenzi au ofisa wa serikali. Mwanakijiji, iwapo atatajwa, hutajwa kama mtu atakayenufaika. Kuni, miti shamba, dimbwi la maji na makaburi ya wazee havimo katika hesabu za mwekezaji, hivyo ardhi yenye vitu hivyo huitwa 'isiyotumika', na neno hilo hupita bila kuhojiwa.

Lililokuwa zito zaidi ni la kisheria, nalo lilikuwa habari ya biashara hasa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji sharti kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla ndipo mwekezaji wa kigeni aipate. Eneo likizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji hutoa mapendekezo tu. Uamuzi ni wa Waziri. Tena ikishahama, mradi ukifa ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kwa maneno mengine, vijiji viliachia mtaji wao mkuu kwa fidia ya mara moja. Mwandishi wa habari za fedha angeliona hilo mara moja kama aliyeachia mtaji angekuwa benki.

Mwaka 2011 kampuni ilianguka kifedha, mamia ya vibarua wakapoteza kazi, na shamba likauzwa. Hapo pia swali lilikuwa nani kauza na nani kanunua. Oktoba mwaka huo gazeti la Observer la London ndilo lililoandika kwa kirefu malalamiko ya wanavijiji kuhusu maji, makaburi na ahadi zisizotimizwa. Mji wa Kisarawe haufiki kilomita 50 kutoka vyumba vya habari vya Dar es Salaam.

Si haki kuwalaumu waandishi peke yao. Kampuni huwa na ofisa uhusiano, taarifa iliyokwisha kuchapwa na gari la kuwapeleka shambani. Kijiji hakina hata kimoja. Hata hivyo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji hutunzwa katika ofisi ya mtendaji, na ndimo huandikwa waliohudhuria ni wangapi, waliambiwa nini kuhusu hatima ya ardhi yao, na nani aliyepinga.