UCHAMBUZI: Deni na hofu ni hatari kuu kwa vibarua wa kigeni

USIKU wa Februari 5, 2004, kundi la Wachina waliokuwa wakiokota kombe katika ghuba ya Morecambe, kaskazini magharibi mwa Uingereza, lilizingirwa na maji ya bahari yaliyokuwa yakijaa. Watu wasiopungua 21 walikufa maji.

Wenyeji wa pwani hiyo wanafahamu jinsi maji yake yanavyojaa kwa kasi na mchanga wake unavyodidimiza. Vibarua hao hawakufahamu. Wengi wao walitoka mkoa wa Fujian, hawakujua Kiingereza wala hawakuwa na vibali, na walikuwa na deni kubwa kwa waliowasafirisha. Ujira wao ulitegemea idadi ya magunia. Mtu wa hali hiyo, hata akiiona hatari, hathubutu kuacha kazi na kurejea nchi kavu.

Mwaka huo huo, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimu mawakala wa vibarua wa mashambani na wa kuokota kombe kuwa na leseni. Mnamo 2006, kiongozi wa genge lililowatumikisha marehemu alifungwa miaka 14.

Hata hivyo, leseni humbana wakala. Haimpi kibarua uwezo wa kukataa. Uwezo huo umo katika Mkataba nambari 184 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 2001, unaompa mfanyakazi wa shambani haki ya kuondoka penye hatari kubwa bila kuadhibiwa. Mkataba nambari 188 kuhusu kazi ya uvuvi ulianza kutekelezwa 2017, na Uingereza ikauridhia 2019.

Lakini haki hizo hazina maana iwapo ruhusa ya mgeni kufanya kazi imo mikononi mwa mwajiri. Wavuvi kutoka Ghana na Ufilipino wamefanya kazi katika vyombo vya Uingereza kwa viza za kupita tu, zilizowafunga kwa chombo kimoja. Anayelalamikia mashine mbovu au kunyimwa usingizi huhatarisha kazi na ruhusa yake kwa pamoja.

Majaketi ya kuokolea na glavu ni muhimu. Muhimu zaidi ni kumruhusu kibarua kubadilisha mwajiri, na kuwazuia mawakala kumtoza ada zinazomtumbukiza katika deni.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Si haki mwenyeji apone huku mgeni akiangamia.