Kila Siku Yatengenezwa, Kila Siku Mbovu: Hebu Tuulizane

Ndugu yangu, dada yangu, kama unasoma hii ukiwa kwa matatu kati ya Changamwe na Mariakani, najua umekwama. Mbele trela, pembeni tingatinga, na vumbi lote laingia dirishani. Ukiuliza, konda anakujibu, "Barabara inatengenezwa." Mimi niliambiwa hivyo nikiwa darasa la nne. Leo mpwa wangu yuko gredi ya nne, anaambiwa maneno yale yale.

Tumezoea kusema "ndiyo Kenya hiyo." Hapana! Barabara haiharibiki hivi hivi tu. Kuna sababu, na sababu zina wenyewe.

Ya kwanza ni uzito. Kati ya 1958 na 1960, wahandisi kule Illinois, Marekani, walipitisha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio. Waligundua kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, madhara hayawi mara mbili, yanakaribia mara 16! Barabara yetu inabeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Sheria ya Afrika Mashariki inasema lori lisizidi tani 56, ndiyo maana kuna mizani. Kwa hivyo kila anayefumba macho lori lililozidi likipita, anauza lami yako. Si tuktuk wala bodaboda inayochimba mashimo yale.

Ya pili ni maji. Lami ni kama paa la nyumba. Ikipata ufa na mvua ikaingia, mawe na udongo wa chini unalainika, na magari yanamaliza kazi. Kuziba ufa mapema ni pesa kidogo. Kungoja hadi iwe shimo ni kuchimbua na kuanza upya. Na hapa tuambiane ukweli: mitaro tunaiziba sisi wenyewe kwa taka.

Ya tatu ni pesa, na hapa mtu asituambie hakuna. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Zamani zilikuwa 18. Wewe mwenye boda, ukijaza lita 4, umeshatoa shilingi 100. Wewe abiria unatoa kupitia nauli. Mwaka 2025 serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25, ikope ilipe madeni ya wakandarasi, yaliyofika takriban shilingi bilioni 175. Yaani pesa ya kutunza barabara ya kesho inalipa deni la jana!

Na mkandarasi asipolipwa anafanya nini? Anaondoa mashine. Barabara inabaki imechimbuliwa nusu, mvua inanyesha, kazi inaharibika, inarudiwa. Bili iliyocheleweshwa nayo inazaa riba. Anayelipa ni wewe. Na usiku, kwenye mchepuko usio na taa wala alama, kuna anayelipa kwa roho yake.

Wako watakaosema kila nchi hukarabati barabara zake. Ni kweli. Lakini kukarabati ni kitu kimoja, na kuanza upya kila mara ni kitu kingine.

Sasa tufanye nini? Kulalamika kwa foleni hakujengi mtaro. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili, bila kueleza kwa nini unataka kujua, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikunyima, peleka kwa Ombudsman.

Iandikie KeNHA, uulize manne tu: Mkataba wa kipande hiki unaisha lini? Mkandarasi amelipwa kiasi gani hadi leo? Ni nani aliyekagua na kuipitisha kazi? Muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro kwa gharama yake mwenyewe unaisha lini?

Barua moja wataitupa. Barua mia mbili kutoka Jomvu, Miritini na Mazeras, watazitupa wapi? Hiyo shilingi 25 ni amana, si sadaka. Andika yako wiki hii, kisha mwandikishe na mwenzako mliyekaa naye kiti kimoja.